Pesa ya serikali ya kupima ardhi iliyochafuka: tathmini ya mweka hazina wa chama kidogo

Nitangulize uamuzi wangu kwa wale wanaosoma wakiwa mapumzikoni kazini. Kama chama chenu, kanisa lenu au msikiti wenu unataka kununua kiwanja cha bei rahisi katika mji mdogo wa Marekani, msitie saini popote kabla hamjauliza kama ipo pesa ya mpango wa Brownfields, yaani viwanja vinavyoshukiwa kuchafuka, ya kukipima kama kina sumu. Mpango huo ni wa EPA, shirika la serikali kuu linalolinda mazingira. Sisi haukututoza hata senti, na hakuna huduma ya serikali iliyotufaa zaidi tangu nihamie jimbo la Maine. Naipa nyota nne kati ya tano.

Chama chetu ni cha kina mama, na wazee wachache. Wengi ni Wakongo wa Uvira na Bukavu, wapo Warundi, wapo Wasomali Wabantu waliopitia Dadaab na Kakuma, na Wakenya tuko wachache, mimi nikiwa mmoja wao na ndiye mweka hazina. Tulitaka ukumbi wenye jiko lenye leseni, ili wanaopika sambusa, chapati na mandazi nyumbani waweze kuuza bila kuogopa afisa wa afya. Mbele tuweke duka dogo la unga, dagaa na sombe ya barafu. Nyuma, wazee walisema, tupande mchicha. Mjini kwetu kuna kiwanja cha kona chenye jengo fupi la matofali, madirisha yamezibwa kwa mbao, na bei yake ilikuwa ndogo mpaka baadhi ya kina mama wakapiga vigelegele mkutanoni.

Mimi bei ile ilinitia wasiwasi. Nimekulia Changamwe, Mombasa, si mbali na Owino Uhuru. Watu wa Pwani wanaijua habari ile: kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kutoka betri kuukuu kilifanya kazi pale kuanzia 2007 hadi 2014, ukuta wake ukipakana na nyumba za watu wapatao 3,000. Wanakijiji walijua kuna sumu baada ya damu ya watoto kupelekwa maabara. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani humo na mwanawe akaugua, ndiye aliyesimama nao, na 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mahakama ya Mombasa iliamua 2020 kwamba wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Uamuzi ukapinduliwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024. Kwa hiyo mtu akiniambia kiwanja ni rahisi, swali langu la kwanza ni nini kilifanyika juu yake. Watoto wetu ndio watakaocheza nyuma ya ukumbi ule.

Marekani inakadiriwa kuwa na viwanja zaidi ya 450,000 vya namna hii: vituo vya petroli vilivyofungwa, viwanda vya ngozi na nguo, karakana, madobi. Vinakaa bure kwa sababu ya woga, na woga huo una msingi. Sheria ya 1980 inayohusu usafishaji wa sumu inaweza kumdai mwenye ardhi gharama za kusafisha hata kama si yeye aliyechafua. Benki inakimbia, mnunuzi anakimbia, mwenyewe anaacha kulipa kodi, na mwisho mali inaangukia mikononi mwa mji. Lewiston, mji uliokuwa wa nguo hapa Maine, ulijikuta 1992 unamiliki majengo makubwa ya Bates Mill kwa sababu ya kodi zisizolipwa. Mji wenye watu elfu thelathini na kitu una ofisi ya mipango yenye watu wachache sana, na hawana fungu la kuchimba udongo kwa majaribio.

Pengo hilo ndilo EPA inaloliziba. Mpango ulianza miaka ya 1990, ukapata sheria yake Januari 2002, ukaboreshwa 2018, na sheria ya miundombinu ya 2021 ikauongezea dola bilioni 1.5. Mji au kaunti inashindania ruzuku ya upimaji, na katika miaka ya karibuni mji mmoja umeweza kuomba hadi dola 500,000 za kupima viwanja vyake, bila kulazimika kuchangia chochote kutoka mfukoni mwake. Udogo wa mji ni mojawapo ya mambo yanayoangaliwa wakati wa kuchagua. Hilo nalipongeza kwa moyo wote, maana mashindano mengi ya ruzuku huishia kwa miji mikubwa yenye waandishi wa kulipwa.

Mtu binafsi haombi pesa hii moja kwa moja. Vyama visivyo vya faida vinaruhusiwa tangu mabadiliko ya 2018, lakini siwashauri mwanze hapo, maana maombi yake ni kazi ya mtu mzima kwa wiki nyingi. Nendeni ofisi ya mipango ya mji, au baraza la mipango la kanda. Hapa Maine mabaraza ya kanda mara nyingi ndiyo yanayoshika chungu kwa niaba ya miji midogo kadhaa, na kazi yenu inakuwa kuwashawishi kwamba kiwanja chenu kiingizwe kwenye orodha. Sisi tulikwenda na barua ya ukurasa mmoja, picha za kiwanja, majina ya wanachama, na mchoro wa ukumbi tuliochorewa na kijana wa mmoja wetu anayesoma ufundi wa ujenzi. Yule mama wa baraza la kanda aliuangalia mchoro kwa muda mrefu kuliko barua. Alitaka kuona kwamba kuna mtu atakayekitumia kiwanja baada ya kupimwa, na nadhani hapo ndipo tulipofanikiwa.

Kama mji wenu haujawahi kushinda ruzuku, msikate tamaa. EPA ina njia ya pili ambapo inamtuma mkandarasi wake mwenyewe apime kiwanja kimoja, mji usiwe na hesabu za ruzuku za kusimamia. Na kuna vyuo vinavyolipwa kutoa ushauri bure kwa jamii. Kwa majimbo haya ya kaskazini-mashariki, yaitwayo New England, ni Chuo Kikuu cha Connecticut.

Upimaji una awamu mbili. Ya kwanza haigusi udongo. Mtaalamu anasoma historia ya kiwanja: hati za umiliki, vitabu vya zamani vya anwani za biashara, picha zilizopigwa na ndege, kumbukumbu za zimamoto, kisha anakuja kukagua na kuhoji watu. Katika yote hayo kilichonivutia ni ramani za Sanborn. Kampuni hiyo ilianza kuchora miji ya Marekani kwa ajili ya bima ya moto katika karne ya 19, nyumba kwa nyumba, jengo la matofali kwa rangi ya waridi na la mbao kwa manjano. Nimekaa na ramani ya mtaa wetu mezani. Kwenye kona yetu kulikuwa na banda la manjano, toleo lililofuata likaonyesha kituo cha petroli na viduara vidogo vya matangi pembeni ya barabara, na baadaye jengo la waridi lililopo leo limeandikwa dobi, wa aina ile inayofua suti kwa kemikali badala ya maji. Muuzaji alikuwa ametuambia ni duka la matairi tu. Hakudanganya, aliyajua ya miaka yake.

Dobi wa kemikali ni jambo zito. Dawa iliyotumika miaka mingi ni tetrakloroethilini, kioevu kizito kuliko maji. Ikimwagika inapenya nyufa za sakafu, inazama chini ya maji ya ardhini, kisha mvuke wake unapanda kidogo kidogo na kuingia ndani ya jengo. Huioni, na kwa kiwango kidogo huisikii harufu. Mwaka 2024 EPA ilitoa kanuni ya kuiondoa kwa awamu katika kazi ya udobi kwa sababu inahusishwa na saratani. Ukumbi wetu ungewekwa jiko palepale ambapo mashine za dobi zilisimama. Awamu ya Kwanza peke yake, ingekuwa ndiyo mwisho wa huduma, ingenitosha kuipa nyota tatu.

Kati ya awamu ya kwanza na ya pili tulikwama. Kuchimba kunahitaji ruhusa ya mwenye kiwanja, na mwenye kiwanja aliogopa. Alijua kwamba sumu ikishaandikwa kwenye ripoti, ripoti ya pesa za umma haifichwi, na bei yake inashuka. Hakuna sheria inayomlazimisha kusaini. Miezi ilipita. Tuliyemtuma kuzungumza naye ni mzee wetu wa Uvira, mtu mpole asiyejua Kiingereza kingi, pamoja na afisa wa mji. Mzee alimwambia kupitia kwa mkalimani kwamba asipopima atakaa na kiwanja hicho mpaka akiachie watoto wake deni. Akasaini. Kwa wenzetu mnaoanza, zungumzeni na mwenye kiwanja mapema, kabla ya kitu chochote, na mwende na mtu mzima mwenye subira.

Awamu ya Pili niliishuhudia. Kwanza alikuja kijana akisukuma rada ya kuangalia chini ya ardhi, kifaa chenye magurudumu kinachofanana na kigari cha mtoto, akipita mistari huku na huko na kuchora lami kwa rangi. Karibu na barabara alichora mstatili. Tangi la chuma lilikuwa bado liko chini, lilifunikwa tu.

Siku ya kuchimba ilikuja mashine ndogo ya minyororo inayopigilia bomba la chuma ardhini. Ndani ya bomba mna mrija wa plastiki angavu, na ukitolewa unauona udongo wa miaka yote umelala kwenye meza. Dada mjiolojia aliupasua mrija kwa kisu kwa urefu, akaufungua. Juu kabisa changarawe na lami. Chini yake udongo mweusi wenye vipande vya matofali, vioo na majivu ya makaa ya mawe, takataka ya majiko ya karne iliyopita iliyotumika kujazia viwanja mji mzima. Halafu mchanga. Na chini ya mchanga udongo wa mfinyanzi wa kijivu chenye ubuluu, laini, usio na jiwe hata moja. Alinieleza kwamba ni matope ya bahari: barafu kuu ilipoyeyuka, bahari iliingia mpaka huku bara na kuyaacha. Akanipa kipande nikakifinyanga kiganjani. Kwetu lilikuwa jambo la heri, kwa sababu mfinyanzi ule haupitishi vitu kwa urahisi, na sumu nyingi husimama juu yake.

Kila futi kadhaa aliweka kidomo cha kipima mvuke kwenye udongo na kusoma namba kwa sauti, mwenzake anaandika. Mahali pengi ilikuwa sifuri. Karibu na mstatili namba zilipanda na harufu ya petroli ikatufikia sote tuliosimama nyuma ya utepe.

"Dada, hiyo ni mbaya?" mzee aliniuliza.

Nikamuuliza mjiolojia. Akasema hiyo inamwambia wapi pa kuchukua sampuli, na kwamba ubaya itausema maabara. Akajaza chupa ndogo za kioo, kila moja na lebo yake, akazipanga kwenye sanduku la barafu, akasaini karatasi inayofuata sampuli mkono kwa mkono mpaka maabara ili mtu asiseme zimechanganywa. Nilipenda utaratibu ule. Sisi tunaoshika fedha za watu tunajua karatasi ya namna hiyo inalinda nini.

Sasa niseme lililoniudhi. Pesa hii inaruhusu gharama za kushirikisha wananchi, na mkutano ulifanyika. Kampuni iliyopewa kazi, sitaitaja, ilikuja na slaidi za Kiingereza zilizojaa vifupisho, ikasoma kwa nusu saa, ikauliza kama kuna maswali. Kina mama walikaa kimya, na muhtasari ukaandikwa kwamba wananchi hawakuwa na pingamizi. Nilikasirika sana. Watu waliokimbia vita, wamepanga nyumba zilizopakwa rangi yenye madini ya risasi, wanafahamu fika sumu ni nini. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwa lugha yao. Tuliandika barua, baraza la kanda likatusikiliza, na mkutano wa pili ulikuwa na wakalimani wa Kiswahili, Kirundi na Kisomali. Maswali yalimwagika mpaka walinzi wakataka kufunga mlango. Je, mchicha utanyonya sumu? Je, maji ya bomba yanapita humo? Kuna mama mjamzito anaishi jengo la jirani, amepimiwa nyumba yake? Swali hilo la mwisho ndilo lililofanya waongeze kipimo cha mvuke upande wa jirani, na nashukuru Mungu kilikuja safi. Ombeni wakalimani kwa maandishi tangu mwanzo, kabla bajeti haijagawanywa.

Majibu yetu yalikuwa hivi. Petroli kwenye udongo kuzunguka tangi. Mvuke wa dawa ya dobi chini ya sakafu ya nyuma, juu ya kiwango kinachokubalika kwa jengo linalotumiwa na watu kila siku. Risasi na masizi ya makaa kwenye lile tabaka jeusi, kama viwanja vingi vya mjini. Na arseniki, iliyowatisha watu kuliko yote, kumbe kwa kiasi kikubwa ni ya asili: miamba ya Maine inayo, na mtaalamu alituonyesha kwamba yetu haizidi ya udongo wa kawaida wa eneo hili.

Ripoti haikuishia kwenye namba. Pesa hiyohiyo ililipia mpango wa usafishaji wenye njia kadhaa na makisio ya gharama. Tangi litolewe na udongo wake ubebwe. Chini ya sakafu yapitishwe mabomba yenye feni inayovuta mvuke na kuutoa juu ya paa, teknolojia ambayo nyumba nyingi za Maine tayari zinayo kwa sababu ya gesi ya radoni itokayo kwenye graniti. Bustani iwe ya masanduku yaliyoinuliwa, yenye udongo ulioletwa, juu ya kitambaa cha kutenganisha. Wazee wamekubali, mchicha haujali unaota kwenye sanduku. Na kisima kisichimbwe hapo kamwe, jambo litakaloandikwa kwenye hati.

Kuna mtego wa kisheria ambao nataka kila mweka hazina auelewe. Sheria ya 2002 inamlinda mnunuzi aliyefanya uchunguzi unaotakiwa kabla ya kununua. Ukinunua kwanza ukapima baadaye, ulinzi huo umeupoteza. Ripoti nayo huzeeka: sehemu zake muhimu zinatakiwa ziwe zimefanywa ndani ya siku 180 kabla ya kununua, la sivyo zisasishwe. Tena, ripoti iliyoandikwa kwa ajili ya mji inalinda mji. Hakikisheni jina la chama chenu limo ndani yake kama mtumiaji wa ripoti, na mjibu maswali yanayomhusu mtumiaji. Sisi tulisaidiwa na wakili wa kujitolea aliyetutengenezea mkataba wa kushikilia bei, tukalipa kiasi kidogo ili muuzaji asiuze kwa mwingine, na ununuzi wenyewe ukangoja.

Nyota ya tano imekwenda wapi? Sehemu ni lugha, nimeshasema. Sehemu kubwa ni kwamba pesa ya kupima haisafishi. Kusafisha kuna ruzuku yake, mashindano yake na ratiba yake, na jimbo lina mfuko wa mikopo na utaratibu wa kusafisha kwa hiari unaompa mwenye ardhi barua ya kumkinga akimaliza. Kati ya ripoti na ruzuku hiyo mji mdogo unaweza kupoteza mwaka mzima, huku ripoti ikizeeka na wanachama wakichoka kuchanga. EPA yenyewe inasema kila dola ya mpango huu imevuta takriban dola 20 nyingine za uwekezaji. Naiamini hesabu hiyo kwa nchi nzima. Ila kwenye kona yetu dola hizo 20 hazijafika bado, na ninaona ingefaa mji mdogo uliomaliza kupima uruhusiwe kuendelea na usafishaji bila kupanga foleni upya.

Hata hivyo ningeirudia njia hii kesho. Bei imejadiliwa upya, na muuzaji amekubali kuipunguza kwa sababu makisio ya usafishaji yako mezani na yeye pia ameyasoma. Mji umeomba ruzuku ya kusafisha ukitumia mchoro wetu. Mkataba wetu wa kushikilia bei umeongezwa muda. Mkienda ofisi ya mipango ya mji wenu, waulizeni mambo matatu tu: kama wana ruzuku ya upimaji iliyo hai, imebaki kiasi gani, na inakwisha lini. Ruzuku hizi zina muda wa miaka michache, na salio lisilotumika mwishoni hurudi serikalini.